Mafunzo kwa Niaba

Ijulikane Bukoba hadi Muleba, nchi kavu na visiwani: tatizo la wauguzi kukosa mafunzo limekwisha. Amelimaliza Ta Byabato, Mratibu wa Kujenga Uwezo, bila muuguzi hata mmoja kubanduka kituoni.

Njia yenyewe ilikuwa nyepesi. Semina ikitangazwa, alikwenda yeye. Alikaa hotelini, akanywa soda baridi, akatafuna senene wa kukaanga, akajengewa uwezo kwa niaba ya wote. Kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, alijengewa. Kuzuia damu kwa mama aliyejifungua, alijengewa pia, ingawa siku hiyo mwanasesere wa mazoezi alimtia kizunguzungu akatoka nje kupunga upepo. Na asidharauliwe: naye alikuwa muuguzi zamani, kabla hajapata kiti cha kuzunguka.

Asubuhi moja aliingia ofisini mwake Renatha, muuguzi wa zahanati ya kisiwa cha Goziba. Alikuwa ameshuka kwenye boti ya dagaa, na gauni lake lilieleza hivyo kabla yake.

"Shikamoo, Ta."

"Marahaba, Ma Renatha. Kisiwa salama?"

"Kisiwa salama, ninayezama ni mimi. Leseni yangu inaisha. Bila cheti cha mafunzo wananitoa wodini. Nipe semina hata moja."

Ta Byabato alishangaa kwa dhati. "Mbona umeshafunzwa?"

"Na nani?"

"Nimefunzwa mimi kwa niaba yako!"

"Na cheti kina jina la nani?"

"La mwakilishi wako."

"Waitu! Mama akitokwa damu kule, nimwambie abane kidogo, mwakilishi yuko njiani?"

Ta Byabato alicheka, akamweleza kwamba hiyo ni changamoto, na changamoto zinafanyiwa kazi.

Kweli ikafanyiwa. Ukaletwa mfumo wa kompyuta: asiye na cheti asiguse mgonjwa, mwenye vyeti vingi apelekwe penye shida kubwa. Ta Byabato aliupigia makofi kuliko wote. Mfumo ukatafakari, ukatema jibu: muuguzi mahiri kupita wote, Byabato, kituo, Goziba, chumba cha kujifungulia.

Alikwenda kwa bosi wake, Bi Evodia, jasho linamtiririka.

"Kuna kosa, mheshimiwa!"

"Kosa gani? Vyeti si vyako?"

Ta Byabato alipiga hesabu. Akisema si vyake, atapata kesi. Akisema ni vyake, atapata boti.

"Ni vyangu... kwa niaba."

"Basi nenda kwa niaba."

Renatha, kwa kukosa vyeti, aliondolewa kisiwani akapelekwa mahali pasipohitaji umahiri wowote: kiti cha Ta Byabato. Alikizungusha mara moja, kukijaribu tu, kisha akajipeleka semina.

Alikuwa amempigia magoti yule mwanasesere wa mazoezi simu ilipolia kutoka Goziba.

"Ma Renatha! Mtoto anatoka! Kichwa hiki hapa! Namwita nani?"

"Mpokee, Ta. Taratibu, usimvute. Na usikate simu."

"Mimi?"

"Wewe. Huyo hapokelewi kwa niaba."