Kengele ya Mlangoni

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wa fizikia katangaza: kifaa kimoja tu kitakwenda mashindanoni, pamoja na aliyekitengeneza. Lazima niwe mimi! Changu ni kengele ya mlangoni. Taa ndogo ya LED inamulika transista inayohisi mwanga. Mtu akipita na kuukata mwanga, kengele inalia. Rezista ya taa, kile kizuizi cha umeme, nimeipigia hesabu kama tulivyofundishwa: volti za betri, toa volti za taa, gawa kwa mkondo. Omu 350. Dukani hazipo, kwa hiyo Mwalimu kasema tupande hadi 390. Lakini rezista ikipungua, mwanga unaongezeka. Nimeweka 33. Tuone nani atang'ara!

Jumanne, 5 Machi

Iling'ara! Kufumba na kufumbua, moshi. Mwenzangu wa dawati, tunayemwita Jenereta kwa kuwa hanyamazi, kauliza kama taa natengeneza au nakaanga. Yeye ana kipima mvua. Kopo na rula! Nimeomba taa nyingine, nikaiwekea 390. Funzo nimelipata: rezista ndogo ni adui. Ile ya transista Mwalimu anataka iwe elfu kumi. Nimeweka milioni moja. Tahadhari kabla ya hatari. Mimi nimetahadhari mara mia.

Alhamisi, 7 Machi

Majaribio mbele ya darasa. Mwalimu kapita mlangoni. Kimya. Karudi. Kimya. Jenereta kapita kwa maringo kama bibi harusi, akisema jamani, hata mlango wa kwao usiotiwa mafuta unalia kuliko huu. Darasa zima kicheko. Mwalimu kaniita kando, kanieleza kwa upole: rezista kubwa mno inaifanya transista iridhike na mwanga wowote, hata wa dirishani, kwa hiyo haijui kama taa imezibwa. Punguza, binti yangu. Kesho ndiyo nafasi ya mwisho, la sivyo kitakwenda kipima mvua. Nimemshukuru mpaka akaniambia basi.

Ijumaa, 8 Machi, asubuhi

Nimepunguza! Ikiwa kupunguza ndiyo dawa, ya nini kuinywa nusu? Elfu kumi ni ya waoga. Nimeweka kumi.

Kengele inalia tangu kulipokucha, wala hakuna aliyepita. Mama kauliza itanyamaza lini, maana kichwa kinamgonga. Nimemjibu kwa heshima kwamba sasa ina hisia kali: inawagundua hata wanaokusudia kupita.

Maskini Jenereta. Nimeshapanga nguo za safari.