Kaniki Juu ya Kioo cha Shamila

Jumatatu, 4 Agosti

Idrisa, una haya kweli wewe? Tangu Idi ile uliyomaliza firigisi zote ukakimbilia basi la Mwanza, hujatia mguu hapa kwetu Isevya. Dada yako Mwanajuma anaolewa Jumapili, na wewe eti kazini hawajakupa ruhusa. Basi naandika humu daftarini kwa siri, ukija utasoma mwenyewe. Shule sikukanyaga. Herufi nimefundishwa uzeeni na mdogo wako Shamila, kwa hiyo ukikuta kosa, nyamaza.

Jambo lenyewe ni wimbo wa kumtoa bibi harusi. Mrefu! Una majina ya wazee wa pande zote. Jina moja likirukwa, watu wake wanasusa pilau. Naimbisha mimi, bibi mzaa mama, tukipokezana na Zuwena, bibi yenu mzaa baba. Na kichwa changu siku hizi ni chungio. Zuwena asijue! Akijua, ataimbisha peke yake mpaka siku ya kunizika.

Shamila amesema nisihofu. Wimbo wote atauandika kwenye kompyuta yake, nami nitasoma.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekaa na Shamila mbele ya kile kidirisha chake cheusi. Hakina picha, hakina kitufe. Unaandika amri, faili linafunguka. Kazi zake humo zina rangi kama mitandio mnadani. Nikauliza nani anapaka. Akasema hapaki mtu, unatunga sheria tu: mstari wenye alama hii uvae rangi hii.

Basi mistari yangu kaitilia nyota, ikawa ya njano. Nikaona kwenye kazi zake maneno ya kijivu, nikauliza hayo je. Akasema ni maelezo, kompyuta huyaruka kama hayapo. Yarabi! Rangi ya maneno yasiyosikilizwa! Nikaagiza Zuwena apewe hiyo hiyo. Shamila akasema Bibi una roho mbaya. Nikamwambia hiyo roho mbaya ndiyo iliyomlea.

Ijumaa, 8 Agosti

Njano imenikera. Njano ni rangi ya ndizi. Mnyamwezi mtu mzima heshima yake ni kaniki, nguo nyeusi, ile waliyoibeba wapagazi kwa mabega mpaka hapa, tunayojifunga tukiwataja wazee. Nikamwambia Shamila anivalishe nyeusi. Akaanza na lakini Bibi. Hakuna lakini mbele ya kaniki! Akacheka, akakataa, akaenda kupakwa hina na wenzake.

Kompyuta kaiacha wazi. Kwenye zile sheria zake, majina ya rangi aliyaandika kwa Kiswahili nisibabaike. Nikaisaka njano, nikaifuta herufi kwa herufi, nikaandika nyeusi. Nikahifadhi kama alivyonionyesha. Kutazama sikuwahi, maana Zuwena alikuwa mlangoni anapiga hodi na bakuli la visheti, anajifanya mwema. Visheti vigumu kama kokoto. Nimevimaliza.

Jumapili, 10 Agosti

Aibu! Aibu yangu!

Ua umejaa. Kompyuta juu ya stuli mbele yetu. Shamila kaandika amri, faili likafunguka. Mistari ya Zuwena ile pale, ya kijivu, imetulia kama wageni rasmi. Yangu? Giza. Nyeusi juu ya kioo cheusi! Nikafuta miwani. Nikakipangusa kioo kwa kanga. Wapi! Shamila kajishika kichwa. Mwanajuma yuko kizingitini na ushungi wake, mguu mmoja nje, hatoki mpaka wimbo uishe. Na wakwe zetu wa Kigwa wamenikodolea macho, wanangoja nimtaje babu yao. Babu yao nani? Sikumbuki!

Zuwena, asiyejua kusoma hata jina lake, akanisogelea, akanikanyaga kidole. Akaninong'oneza jina. Nikaimba. Akanong'oneza jingine. Nikaimba. Kumbe mistari yangu yote anayo kifuani! Akanitilia sikioni tonge kwa tonge mpaka mwisho. Vigelegele vya Kigwa hivyo! Mwanajuma akatoka analia, nami nalia, Zuwena kamasi zinamtoka.

Jumatatu, 11 Agosti

Zuwena kapita asubuhi na salamu yake ndefu ya wangaluka. Hakunisimanga. Kasema tu, mwenzangu, kichwa chako kinavuja, tuwe tunafanya mazoezi pamoja jioni. Kichwa changu! Kinavuja! Mbele ya Shamila!

Nimefikiri sana, kosa nimeliona. Kosa ni la kioo. Nimemwamuru Shamila akifanye cheupe, kaniki yangu ibaki, na Zuwena avalishwe nyeupe. Tuone atasomaje! Shamila akanikumbusha kwamba Zuwena hasomi, halafu akauliza mimi nikisahau tena nani ataninong'oneza. Nikamwambia anyamaze, ale.

Nawe Idrisa, ukija, shuka kwenye basi uje moja kwa moja kwangu. Shikamoo ya kwanza ni yangu. Kwa Zuwena utakwenda ukiwa umeshiba.