Sahani za Mgeni wa Mkunazini

Msabah wa Mkunazini alikuwa na kazi moja tu duniani, nayo ni kuwaelekeza watu. Akikuelekeza utafika, hilo halina shaka, ila utafika umepungukiwa. Asubuhi ile joto la kaskazi limeukaba mji, hata paka wamelala vibarazani hawana habari na samaki. Yeye alikuwa gatini, kanzu imepigwa pasi, kaegemea bakora asiyoihitaji, anawatazama abiria wa meli ya Tanga wanavyoshuka. Ndipo alipomwona mtu kavaa koti la sufu.

Koti la sufu, Unguja, kaskazi limepamba moto. Msabah alimshukuru Mola wake, akamwendea mikono miwili.

"Karibu, bwana. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Umetoka wapi na baridi hiyo?"

Mgeni jina lake Miraji, fundi saa, ametokea milima ya Lushoto ambako watu huota moto asubuhi. Alikuja kutafuta riziki, hana ndugu wala jamaa hapa. Alikuwa mtu wa kusema polepole, tena mtu wa kuuliza. Hawajatoka hata gatini keshataka kujua kama kuvua koti mbele za watu ni utovu wa adabu. Kisha akauliza mbona maduka yamefungwa mchana mweupe, na watu hapa huoga mara ngapi, na wale waliokaa vibarazani wanamngoja nani.

"Hawamngoji mtu," Msabah akasema kwa upole wa kadhi. "Wanalinda vivuli vyao. Hapa kivuli usipokikalia, kinahama na mwenzio."

Miraji alitikisa kichwa, akashukuru kwa elimu. Kila jibu lilikuwa na bei yake ndogo. Hilo la vivuli lilimgharimu kikombe cha kahawa na kipande cha halwa. La kuoga lilikuwa refu, likala mkate mzima wa boflo na mishikaki. Hadi alasiri Msabah alikuwa keshashiba, na mgeni keshapata chumba cha chini pale Mkunazini, kinachotazamana na chumba cha Msabah mwenyewe.

Jioni zikaja sahani. Mtaa ule, mtu akihamia, majirani humpelekea chakula ajione yuko kwao. Bi Mwanapili alipeleka pilau, Bi Sichana wali wa nazi na mchuzi wa papa, na kila sahani imefunikwa kawa zuri la ukili. Miraji alizitazama, akavuka njia kwenda kuuliza.

"Bwana Msabah, hizi nile?"

Msabah aliinusa ile pilau, na hapo ndipo akili yake ilipofanya kazi yake.

"Ukitaka kufa, kula. Tumbo la baridi na nazi ya Unguja havijuani. Utashikwa na homa ya nazi. Mwili huanza kutota, kisha masikio."

"Huchukua muda gani kuzoea?"

"Mwezi, au zaidi kidogo. Wewe kula muhogo wa kuchoma. Hizi nipe mimi, nikuondolee hatari."

"Na sahani?"

"Sahani niachie. Nitazirudisha kwa jina lako."

Neno hilo ndilo lililomponza, maana alisahau jambo analolijua kila mtoto wa Unguja: sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiirudisha tupu umemtukana mwenyewe na mama yake. Msabah hakuwa na jiko, hakuwa na sufuria, na maji ya moto aliyakuta kwa wenzake tu. Alikaa akafikiri. Halafu akala nusu ya pilau ya Bi Mwanapili, nusu iliyobaki akaipakua katika sahani ya Bi Sichana. Akala nusu ya wali wa Bi Sichana na mchuzi wake, vilivyobaki akavitia katika sahani ya Bi Mwanapili. Juu ya kila sahani akatupia zabibu chache, zisitambulike.

"Kutoka kwa mgeni," akasema milangoni. "Ndivyo wanavyopika kwao milimani."

Sasa Bi Mwanapili na Bi Sichana walikuwa hawasemezani kwa ajili ya upishi. Kila mmoja alishaapa kwamba chakula cha mwenzake hakipiti kooni. Siku ya pili Bi Mwanapili kakaa barazani anamsifu mgeni kwa ule mchuzi wa papa, na Bi Sichana naye, baraza ya pili, anasema tangu azaliwe hajala pilau kama ya mtu yule wa Lushoto. Kwa kuwa sahani zao zilirudi zimejaa, ilibidi wazijaze tena. Sifa zikaenea, na nyumba nyingine zikaona haya kubaki nyuma. Haukupita muda Msabah akawa anapokea biriani, samaki wa kupaka na mkate wa kumimina, anakula, anachanganya, anatia zabibu, anabeba. Alinenepa, lakini alichoka. Katika maisha yake hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kukwepa kazi.

Hapa lazima nikwambieni habari ya Bi Kidawa, maana bila yeye hadithi hii ingekwisha kwa kushiba tu.

Bi Kidawa alikuwa mjane mwenye nyumba ya ghorofa mwisho wa mtaa, macho yake makali na kicheko chake kikali zaidi. Msabah alimpenda. Hilo halikuwa ujanja, lilikuwa kweli, na lilimuuma. Alikwisha kumtaka mara mbili, na mara ya pili alijibiwa hivi:

"Msabah, ulimi wako nshausikia. Siku nikiuona mkono wako unaleta kitu mlangoni kwangu, tutazungumza."

Basi sahani ya Bi Kidawa nayo ilipoanza kuja kwa mgeni, Msabah hakuweza kumpa mabaki. Kilicho bora katika mtaa mzima, paja la kuku, kichwa cha samaki changu, nyama isiyo mfupa, alimwekea yeye. Akiipeleka mwenyewe, kakoga, kajitia udi.

"Hii kapika nani?" Bi Kidawa huuliza, kashika kawa.

"Mgeni, wallahi."

"Hakika?"

"Hakika, Bi Kidawa."

Angesema nini? Akisema ni yake, ataulizwa jiko liko wapi. Kila siku aliulizwa, na kila siku aliapa. Kisha hurudi nyumbani roho imemjaa, kwa kuwa amemwona.

Mwezi ulipokuwa unamalizika, Bi Kidawa alimzuia mlangoni.

"Msabah, nna neno. Huyu anayeniletea sahani, nshamkubali."

Msabah alishika nguzo ya mlango.

"Mwambie Miraji alete posa kwa kaka yangu Bakar," Bi Kidawa akaendelea. "Nawe ndiye utakayekuwa mshenga. Njia ushaizoea."

Alifungua kinywa aseme kweli yote. Lakini baraza ya kulia kakaa Bi Mwanapili anachambua mchele, na ya kushoto kakaa Bi Sichana anasuka ukili, na wote wawili wametega masikio. Msabah aliwaza wakijua mwezi mzima wamelishana wao kwa wao, kwa mkono wake, na nusu kala yeye. Alikifunga kinywa.

"Naam," akasema.

Alikwenda mbio kwenye kibanda cha Miraji cha kutengenezea saa, tumaini lake moja limebaki, kwamba mtu anayeogopa nazi ataogopa na ndoa.

"Bwana Miraji, kuna mwanamke anakutaka, lakini nakushauri kama ndugu. Kuoa katika joto hili, kwa mtu wa milimani, si salama. Masikio..."

Miraji aliiweka chini saa aliyokuwa akiitengeneza. Akavuta karibu bakuli lake la chakula cha mchana, akalifunua. Ulikuwa wali wa nazi, tui linang'aa.

"Homa!" Msabah akasema, kwa mazoea.

"Wa Bi Kidawa huu. Hunipa kila siku. Saa yake ya ukutani ilisimama tangu mumewe alipofariki, nikaenda kuitengeneza siku ya tatu tangu nifike. Nikamuuliza habari ya homa ya nazi. Alicheka mpaka akakaa chini."

"Ukamuuliza?"

"Mimi nauliza kila mtu, Bwana Msabah. Hukuwa peke yako."

Msabah alikaa juu ya kigoda. "Mbona hamkusema?"

"Mimi nilitaka kusema. Yeye akanizuia. Alisema, 'Tungoje. Akisema kweli hata siku moja, kwamba chakula hakupika mgeni, kaleta yeye, nitamfikiria.' Tukangoja." Miraji alimega tonge, akalitazama kwa huruma kidogo. "Na mimi nikangoja, nikiomba Mungu usiseme."

Posa ilipelekwa, na Msabah ndiye aliyeipeleka, akasema maneno matamu ambayo wazee wa mtaa wanayakumbuka mpaka leo. Harusi ikapikwa na Bi Mwanapili na Bi Sichana pamoja, chungu kimoja, maana bwana harusi aliwaomba, na kwake hawakuwa na la kukataa.

Wiki iliyofuata Msabah alisikia hodi. Sahani imeletwa kutoka kwa maharusi, imefunikwa kawa, ndani yake pilau ya nyama ya mbuzi. Alikula yote. Hakubakisha hata punje, akalia kidogo, akajipangusa. Kisha akaiona sahani.

Ilikuwa ile ya Bi Kidawa, yenye mstari wa buluu pembeni. Alitazama huku na huku. Sahani nyingine hakuna. Tangu mgeni apate mke, za majirani zilikuwa zikienda huko moja kwa moja.

Alikaa nayo mpaka alasiri. Mwishoni alikopa sufuria, akanunua mkaa na kibaba cha mchele kwa fedha yake mwenyewe, akavuka njia kwenda barazani kwa Bi Mwanapili. Alisimama mbele yake, kofia mkononi.

"Bi Mwanapili, samahani. Mchele huoshwa mara ngapi? Na maji hutiwa kiasi gani? Na moto, mtu anajuaje umetosha?"

Bi Mwanapili aliacha kuchambua, akamwangalia toka juu mpaka chini.

"Kwani wewe, Msabah," akamuuliza, "mgeni hapa?"