Nilivyomdanganya Mama wa Chai

Leo nimeaibika mpaka masikio yamepata moto. Nawasimulia mwenyewe kabla wenzangu wa darasani hawajawafikishia (watawafikishia, nimewaona na simu zao).

Mnajua nina wiki tatu tangu nirudi Kismayu. Vita vya kwetu vilinitoa hapa nikiwa mgongoni mwa mama. Vita vya Sudan vikanirudisha, na vyeti vyangu vya miaka miwili ya chuo vikabaki Khartoum. Chuo cha hapa kikasema: tutakupokea mwaka wa tatu, ila lete mtu mzima anayewajua watu wako, aseme mbele ya mwandikishaji wewe ni nani. Bila hivyo, naanza mwaka wa kwanza upya. Mwisho leo, saa sita mchana.

Mama yuko Mombasa. Jana akanipigia. "Atakuja mtu wetu."

"Nani?"

"Mtu wetu." (Mama hataji jina la mtu kwenye simu. Hata la paka.)

Saa moja kasoro nilikuwa langoni, shati limepigwa pasi mara mbili. Askari akapekua mfuko, akafungua daftari langu, akanitazama. Kwa nini anitazame? Darasani, nilikoruhusiwa kusubiri, nikakaa mbele, kama nilivyozoea Khartoum. Kumbe hapa safu ya mbele ni ya wasichana! Kicheko. Nikahamia nyuma, jamaa mmoja akaninong'oneza, "Wewe ndiye wa Sudan?" Nani kamwambia?

Saa nne nikaenda kunywa chai. Nje ya lango kuna mama wa makamo anayeuza chai na sambusa za samaki. Nilipochukua sambusa ya kwanza akanikazia macho.

"Mwanangu, u mchu wa wapi?"

Kibajuni! (Mchu ni mtu.) Kajuaje kuwa mimi Mbajuni, wa wale wachache waliofukuzwa vitani? Na anataka kujua ili iweje? Mji huu, mwenye birika ndiye mwenye habari, na hujui habari zako zitalala kwa nani. Nikamjibu kwa Kisomali, nikamwita edo, kama Wasomali wanavyomwita shangazi.

"Wa Mogadishu, edo."

"Oo, Mogadishu! Waitwa nani?"

"Abdi."

"Na baba?"

"Fundi cherehani."

"Samaki wa huku umewapenda?"

"Samaki sili, edo. Wananitoa vipele." (Nilikuwa na sambusa ya tatu mkononi.)

Akanitazama. Akaitazama sambusa. Akaniongezea chai. Nikaondoka najisifu: uongo umenyooka, hauna hata kona moja!

Saa sita. Ofisini yuko mwandikishaji, walimu wawili, na dirishani nusu ya darasa. Mlango ukafunguka, akaingia mama wa chai, mikono bado ina unga. Nikadhani ameleta chai.

"Shahidi wako huyo," akasema mwandikishaji. "Mama, unamjua kijana huyu?"

Akanitazama taratibu, kwa raha zake.

"Namjua sana. Ni Abdi wa Mogadishu. Baba yake fundi cherehani. Samaki hali."

Mwandikishaji akashika fomu yangu. "Hapa ameandika Twalha, asili yake kisiwa cha Chovai, baba fundi wa mashua. Nani muongo?"

Nikainua mkono kama darasani.

"Mimi," nikasema. Dirishani mtu akakohoa kicheko.

"Basi hamjuani," akasema mwandikishaji, akafunika kalamu. Miaka yangu miwili hiyo, inakwenda!

Mama wa chai akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa.

"Fungua kalamu, mwalimu. Mamake alinipigia nimtolee ushahidi, lakini sura yake ya sasa sikuijua. Siku tuliyoukimbia mji huu, mimi na mamake tulikuwa chombo kimoja. Wabajuni watupu, na tunaogopana! Nikamuuliza, u mchu wa wapi? Akasema Mogadishu. Mumeo? Abdi, fundi cherehani. Nikampa kipande cha papa mkavu, akasema samaki sili, wananitoa vipele. Na alimla hadi ngozi! Tulikuja kujuana Mombasa, mwezi wa pili. Leo kijana aliponitajia vipele, nikasema ndiye. Uongo huu, mwalimu, uko nyumba moja tu."

(Kweli. Mama alinifundisha kabla sijajua kusoma. Mimi nilidhani nimeutunga mwenyewe.)

Mwandikishaji alicheka mpaka akavua miwani, ndipo akatia sahihi. Mwaka wa tatu! Dirishani wakapiga makofi, nami nikaomba sakafu inimeze.

Nafasi ya chuo nimepata, jamani. Uso wa kuingia nao darasani kesho ndio sina. Mwenye wa akiba aniazime, na asicheke wakati wa kunipa.