Nafasi ya Mama Malkia

Mjini kuna watu wanaoamka kutafuta kazi, na kuna Dairekta, aliyekuwa akiamka kutafuta waliofanya kazi. Asubuhi hiyo alimwona fundi cherehani, mama wa makamo, ameacha mshono katikati akitazama marudio ya ile tamthilia ya enzi za wafalme. Mate yakamtoka.

Akaingia, akajitambulisha. Yeye ndiye anayeigeuza tamthilia hiyo kuwa filamu ya sinema. Kamera zipo, waigizaji wapo, amekwama kwa Mama Malkia tu. Fundi akauliza sehemu sitini zitaingiaje kwenye saa mbili.

"Tunakata porojo, mama yangu. Tunabakiza vita, harusi na wewe."

Mama akajishika shavu kwa haya. Sharti lilikuwa dogo: ashone majoho ishirini ya kifalme bure. Mahameli ataleta Dairekta mwenyewe, na hapo ndipo alipoweka roho rehani, maana kitambaa hicho kilimeza vyote alivyotapeli kwa miaka miwili. Lakini mkodishaji wa nguo za harusi, ng'ambo ya mji, alishaahidi kuyanunua kwa bei ya kurusha roho.

Kwa wiki tatu fundi alishona huku akijizoeza kuamrisha watumishi. Dairekta alipopita kukagua, aliyakuta yametundikwa ukutani, vifua vinameta kwa nakshi. Aliponyoosha mkono alichapwa rula. Mahameli hushika alama za vidole, aliambiwa, na hilo ni kweli tupu. Mwishowe mama akayakunja mwenyewe, akayafunga kwenye maboksi, akamtakia safari njema.

Ng'ambo ya mji, Dairekta akitazama, mkodishaji akaivalisha sanamu ya dukani joho la kwanza, akaigeuza. Joho halikuwa na mgongo. La pili vilevile, na la tatu. Wafalme ishirini, wote makalio nje.

Polisi hakwendeki, picha ya Dairekta ilikuwa ukutani kwao, tena imemtoa vibaya. Akapiga simu, machozi yanamlenga, na hata sisi tusiompenda tulimhurumia kidogo.

"Mama, migongo ya majoho iko wapi?"

"Ninayo hapa, nimeishona ikawa majoho kumi mazima. Mwanangu, tamthilia ile niliishonea mimi, sehemu zote sitini. Kwenye televisheni mfalme hageuki."

"Kumbe hukutaka kuwa Mama Malkia?"

"Nimemwigiza wiki tatu nzima," mama akasema. "Wewe hukuona?"