Gauni Lililouzwa Mara Nne

Denzil Hackett aliiona riziki yake mpya akiwa kwenye foleni ya kununua pai ya nyama, katika mtaa wa Langtree, mjini Mildura, Australia. Nyuma yake mama mmoja na binti yake walikuwa wakigombana kwa ile sauti ya chini ambayo husikika duka zima.

"Gauni lile halina mgongo," alisema mama.

"Lina mgongo, mama. Mgongo ni wangu."

"Una miaka kumi na sita!"

"Wenzangu wote wanavaa hivyo."

"Wenzako wote niliwazaa mimi?"

Mama aligeukia rafu ya mikate, binti akageukia friji ya soda, na hawakutazamana tena. Mtu wa kawaida angeona familia yenye huzuni. Denzil, ambaye alikuwa amekwisha kuwauzia wazee wa Bendigo dawa ya kuotesha nywele na wakulima wa Swan Hill filimbi ya kufukuzia kasuku, aliona soko adimu kabisa: nyumba moja, wateja wawili, na hakuna anayezungumza na mwenzake.

Msimu wa dansi ya utambulisho ulikuwa umekaribia. Kila mwaka mabinti wa mji ule huvalishwa magauni meupe marefu, hushikwa mkono na wavulana wanaotokwa jasho, huteremka ngazi za ukumbi na kupiga goti mbele ya meya, huku mama zao wakilia na baba zao wakitafuta mahali pa kuegesha gari. Gauni ndilo kila kitu. Mvulana watu humsamehe.

Wiki ile ile Denzil alikodi duka lililokuwa tupu. Alikuwa na magauni meupe ya watu wazima, aliyoyanunua kwa kilo kutoka kwa mfanyabiashara aliyefilisika, na kila moja aliliongezea kola ndefu na mikono mirefu. Dirishani, upande wa barabara ambako mama hupita, aliweka sanamu iliyokunja mikono kama inayosali, na bango: *Gauni la Binti Aliyelelewa Vizuri*. Kwenye simu za mabinti, ambako mama hawapiti, alituma picha ya gauni lile lile bila kola wala mikono, limevaliwa na mwanamke wa miaka thelathini aliyeachika mara mbili na asiyejuta, chini yake maneno: *Kwa Nini Usubiri Kukua?*

Hapa inafaa tusimame kidogo kwa heshima, tutafakari. Kuna malezi ya kukaa na mtoto mezani, kumsikiliza akikukera, na kumkera nawe mpaka muelewane. Malezi hayo yanachosha. Denzil alikuwa anauza yale mengine, yanayofungwa kwenye karatasi na kupewa risiti.

Mele Taufa aliingia dukani siku ya Alhamisi akiwa bado na harufu ya zabibu, kwa maana alifanya kazi ya kuchambua matunda kwenye banda la kupakia. Nyuma yake alikuja binti yake, Sela, amenuna. Fedha zilizokuwa mkobani mwa Mele hazikuwa zake peke yake. Zilichangwa na ukoo wa mumewe, wa Mildura, wa Auckland na wa Nuku'alofa, kwao visiwani Tonga, na aliyezikusanya ni wifi yake Lupe, dada mkubwa wa mumewe. Katika nyumba ya Watonga shangazi ndiye mwenye neno la mwisho. Mele angeona heri agombane na polisi kuliko na Lupe. Sela alikuwa binti wa kwanza wa ukoo kuteremka zile ngazi. Gauni lingeharibika, aibu ingelazimika kupanda ndege.

"Mikono inafika kiganjani?" aliuliza Mele.

"Inafika na kupitiliza, mama. Hili hata askofu angelivaa."

"Na kola?"

"Kola hii? Binti hataweza hata kugeuza shingo kuwatazama wavulana."

Mele alilipa. Alipokuwa akitafuta miwani yake ili asome risiti, Denzil aliinama kana kwamba anafunga kamba ya kifurushi, akamwambia Sela, "Usinune, dada. Kola na mikono vimeshikwa na uzi mmoja tu." Akamwonyesha kikulabu cha kufumulia. Sela alikinunua kwa akiba yake ya kulea watoto wa jirani.

Siku chache baadaye Denzil alimpigia Mele simu kwa sauti ya msiba. "Mama, sipendi kusema maneno ya watu, lakini mabinti wa siku hizi wanafumua. Ninao uzi wa usalama, ule ule wa miavuli ya wanajeshi wanaoruka kutoka angani." Mele aliununua. Kesho yake Sela akapata ujumbe: *Mama amenunua uzi. Ninacho kikulabu cha chuma cha pua.* Sela naye alikinunua. Hivyo gauni moja lilikuwa limeuzwa mara nne bila kutoka kabatini, na katika nyumba nyingine za Mildura mambo yalikwenda vivyo hivyo. Biashara nzima ilisimama juu ya nguzo moja: mama na binti wasizungumze.

Nguzo ilianguka Jumamosi asubuhi. Mele alinyata hadi chumbani akiwa na sindano, akamkuta Sela sakafuni na gauni mapajani.

"Unafanya nini?"

"Na wewe?"

"Mimi mama yako, siulizwi. Hicho nini?"

"Kikulabu. Na huo?"

"Uzi."

"Wa nani?"

"Wa Bwana Denzil. Na hicho?"

Sela alikitazama kikulabu kana kwamba kingemjibia. "Cha Bwana Denzil."

Mele aliunyakua mkono wa gauni kwa hasira, na mkono ukatoka wenyewe, bila kikulabu wala uzi kuhusika. Kwenye pindo lake palikuwa na safu ya matundu yaliyozungushiwa pete za bati.

"Wifi," ilisema sauti mlangoni, "hilo ni pazia."

Lupe alikuwa ameleta viazi vikuu. Aliviweka chini, akakaa kitandani, na kitanda kikalalamika.

Mele alianza kulia. "Nisamehe, wifi. Fedha za watu wote wale. Nitawaambia nini?"

"Ngoja kwanza. Sela, ulikuwa unataka nini hasa?"

"Nisionekane mtoto, shangazi."

"Na wewe, wifi?"

"Aonekane mtoto."

"Basi mkamlipa mwanamume msiyemjua apite katikati yenu na kikapu cha makusanyo. Mngekuja kwangu, ningewatukana bure."

"Twende polisi," alisema Mele.

"Polisi watamwandikia karatasi, naye atahama mji. Mimi namtaka aje kwenye sherehe."

Jumatatu Lupe aliingia dukani kwa Denzil akitembea kama mtu asiyejua mji. Alinunua uzi, akatoa noti kubwa, na Denzil ilimbidi anyanyue shati atafute chenji kwenye mfuko aliojifunga kiunoni, kwani hakuwa na imani na benki, naye alijua wazi kwa nini. Lupe aliuona mfuko ule. Ulikuwa umenenepa.

"Watu wetu wa mji wa Robinvale nao wana dansi yao," alisema kwa unyonge. "Mama zao wote watakuwa ukumbini kwetu Jumamosi, tunachangia paa la kanisa. Laiti ungekuja uwasalimie, bwana."

Denzil alikuwa amepanga kukimbilia Adelaide siku ya Ijumaa. Aliahirisha.

Wiki nzima Mele na Sela walipita nyumba kwa nyumba, mama akizungumza na mama, binti na binti. Jumamosi alasiri, Denzil alipoingia ukumbini na suti yake ya rangi ya krimu, aliwakuta wateja wake wote wamekaa mstari wa mbele. Akarudi hatua moja kuelekea mlangoni. Lakini walimtabasamia, na Mele akampa kiti cha mgeni wa heshima, kati ya mchungaji na nguruwe wa kuchoma.

Magitaa yalianza. Lupe alitokea amevaa mkeka wake wa sherehe kiunoni, kama desturi ya Watonga, mikono yake mipana iking'aa kwa mafuta ya nazi, akacheza kwa wepesi ambao kitanda cha Sela kisingeuamini. Watu waliinuka mmoja mmoja, wakaenda kumbandika noti mikononi. Noti za Australia ni za plastiki, na plastiki juu ya mafuta hunata vizuri sana.

Denzil alitazama kwa jicho la fundi. Yeye mwenyewe, katika minada yake, huwapanga watu wake watoe kwanza ili wajinga wafuate, kisha huwarudishia fedha zao nyuma ya pazia. Akamwona Lupe, akajiambia: huyu mama ni wa kazi yetu!

Akainuka, akambandika noti ndogo.

"Hiyo tu?" Lupe alimnong'oneza akizunguka. "Wale wa Robinvale wako kushoto. Wanakuangalia."

Akabandika kubwa. Ukumbi ulishangilia. Akabandika mbili, tatu, na wapiga magitaa, ambao kwa desturi hawamalizi wimbo wakati noti bado zinakuja, wakaurudia tangu mwanzo.

"Bwana Denzil bado yupo!" alipaza sauti mshereheshaji. "Jamani, huyu mtu ana mikono mingapi?"

Mabega ya Lupe yalipojaa, Denzil alihamia viwiko. Noti zake Sela alizibandua na kuziokota, akazitia katika kikapu cha pembeni. Mgeni wetu alicheza, alitoa jasho, alipunga mkono upande wa Robinvale, na mfuko wa kiunoni ukakonda mpaka ukabaki ngozi.

Wimbo ulipokwisha alimfuata Lupe jikoni. "Kazi safi, mama! Umenifurahisha. Haya, nipe zangu."

"Zako zipi?"

"Zangu! Zile za kuwachangamshia watu."

Lupe alimtazama kwa mshangao wa kweli, kwa maana katika maisha yake yote hakuwahi kusikia mtu akiomba arudishiwe. Kabla hajajibu, sauti ya mshereheshaji ilijaa jengo zima: "Watu wamechangia paa, tunashukuru. Na kikapu cha Bwana Denzil, kama tulivyokubaliana na mchungaji, kinakwenda kwa mama wa mstari wa mbele, mabinti zao wapate magauni. Tuiname tumwombee ndugu yetu!"

Watu mia tatu waliinama. Denzil aliona vichwa vyote vile, akainamisha na chake. Walipomwomba aseme neno, alisimama, na kwa kuwa ufundi haumwachi mtu hata akifilisika, alizungumza juu ya wajibu wa wazazi kwa namna iliyowaliza mama wawili. Mmoja akamwomba namba ya simu. Kisha aliondoka na gari lake kuelekea Adelaide, na paja la nguruwe lililofungwa kwenye karatasi ya bati, kwa sababu mgeni haondoki mikono mitupu.

Mezani, kikapu kilipomfikia Mele, alitoa kilicho chao, akakisukuma kilichobaki kwa jirani. Sela alimsogelea.

"Mama. Mabega yaonekane kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

Sela alionyesha kwa vidole viwili. Mele alivishika, akavisogeza mpaka karibu vigusane. Sela akavitanua. Mele akavibana tena.

"Mama, hapo hata sisimizi hapiti!"

"Sisimizi anatafuta nini begani kwako?"

Lupe alikuja akijifuta mafuta, akawatazama, kisha akaingiza kidole chake gumba, kile kinene, katikati ya vidole vya Sela.

"Hapo," alisema, akaenda kuchukua nyama.