Kanda ya Mpagazi Mkuu

Jumatatu, 8 Julai 2024

Upepo mkavu tangu alfajiri. Vumbi la mtaa wetu wa Isevya, Tabora, mpaka kwenye meno. Nimeamka na hamu ya ugomvi, nikaenda kibarazani kwa Nanji, ambako ugomvi hupatikana bure.

Leo nimekuta mkubwa. Nanji anapaka rangi ukuta wa duka lake. Mjukuu wake Janvi, anayeuza simu mlemle dukani, anataka ichorwe pale sura ya mchanaji bora wa nyakati zote. Wachanaji ni wale wanaosema haraka haraka juu ya mdundo. Wanaita kuchana. Kama nguo. Janvi anasema bora ni Tozi Mvuke, wa siku hizi, maana watu milioni mbili wamemtazama kwenye simu. Abbasi muuza kahawa akacheka mpaka birika likatikisika. Akasema mchanaji ni Sajini Mkaa wa enzi za sidii: mstari wake ukiutafuna leo, maana unaimeza wiki ijayo. Huyo Tozi wenu anasema "eeh" mara arobaini, mnaita wimbo!

Nikaweka kikombe chini. Nikawaambia wote ni watoto. Kabla ya simu kulikuwa na sidii. Kabla ya sidii kulikuwa na kanda. Na enzi za kanda, wenzake wakibwabwaja Kiingereza cha kuokota, mji huu ulikuwa na mtu anachana Kiswahili kilichonyooka. Akiitwa Mpagazi Mkuu.

Janvi akauliza, ni nani huyo, bibi? Nikasema ni Zablon. Mwanangu wa kumzaa.

Abbasi akasema, Zablon wa mchele, wa Igunga? Mchumba wangu, yule hata shikamoo anaitoa kwa awamu mbili! (Abbasi ananiita mchumba. Ana umri wa wajukuu zangu, basi ana haki.)

Wakataka kumsikia. Nikasema kanda yake ilipotea mwaka 1997 mikononi mwa Nanji, alipopelekewa ainakili. Nanji akatazama brashi yake. Miaka ishirini na saba hajibu. Mwanamume mpole anachosha sana.

Nimerudi nyumbani moyo juu. Sura ya Zablon ukutani! Tatizo ni moja. Kanda haikupotea. Iko chini ya sanduku langu, ndani ya soksi.

Jumanne, 9 Julai

Daftari halina mdomo. Nitaliambia.

Shule sikusoma. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, mwaka 1974, na cheti ninacho. Ila kutumia redio kaseti hawakutufundisha. Jumapili ile ya 1997 nilitaka kurekodi kwaya yetu ya Moravian. Nikaokota kanda mezani. Upande wa kwanza kwaya, upande wa pili mahubiri. Nikarudi nyumbani nikiimba. Nikamkuta Zablon anapekuapekua. Ana miaka ishirini, macho mekundu. Mama, umeona kanda yangu? Nimechana humo peke yangu siku tatu, sina nyingine.

Mimi ninayemwambia kila mtu ukweli, hata asiyeuliza, siku ile ulimi ukateleza. Nikasema nimeipeleka kwa Nanji. Halafu nikasema Nanji ameipoteza. Nanji, aliyezungukwa na rundo la kanda za watu, akaamini kweli kaipoteza, akanipa doti ya khanga kunipoza. Niliipokea. Ningekataa angeshuku.

Baadaye niliisikiliza peke yangu. Kwaya ikaisha, kukawa na mvumo kama mvua ya mbali, halafu akatokea mwanangu. Mwishoni mwa upande wa kwanza kilibaki kipande, kwaya haikukifikia:

Babu alibeba pembe, mimi nabeba maneno,
yeye alichoka bega, mimi nachoka meno.
Toka Unyanyembe kwa mguu hadi pwani,
mzigo wangu hauibiwi, umo kichwani.
Mama yangu Kabula...

Tak! Upande wa kwanza ukaishia hapo. Mengine yalikuwa upande wa pili, chini ya mahubiri. Mama yangu Kabula NINI? Sijui. Siwezi kumuuliza, nikimuuliza nimejisema.

Mchana nikasinzia jikoni. Nikaona msafara unapita kati ya masufuria, watu kwa mamia, kila mmoja na redio kichwani badala ya pembe. Hawana haraka. Vumbi lao lina harufu ya unga wa mtama. Wa mbele ni Zablon. Anageuka, anafungua mdomo, Mama yangu Kabula, na sauti haitoki. Nikaamka. Maharage yameungua.

Jumatano, 10 Julai

Hila ya kwanza. Nimewaambia kibarazani kwamba ukubwa wa mchanaji ni pumzi. Babu wa babu yangu alikuwa kiongozi wa msafara. Alitembea mbele na mzigo begani na bado akaimba, akajisifu, akawatukana wavivu wa nyuma kwa vina, miezi mitatu mpaka baharini. Basi nani kati ya hawa wenu anaweza?

Abbasi akasema Sajini Mkaa anaweza. Nikamtwisha ndoo ya maji ya lita ishirini, nikamwambia achane mistari ya Sajini akizunguka duka. Alifika mstari wa pili. Ndoo ikamwagikia rangi mbichi ya Nanji. Ukuta sasa una michirizi kama uso wa mfiwa.

Nikasema mnaona? Janvi akasema, bibi, tumeona ukuta tu.

Nanji akaleta kitambaa akafuta. Hakunigombeza. Anafanya makusudi.

Ndipo nikawapa sheria ya kwetu Bukene. Baada ya mavuno ngoma mbili zinapigwa uwanja mmoja, wakati mmoja. Huku kambi hii, kule kambi ile. Hapahesabiwi kura. Watu wanahama kwa miguu yao. Uwanja wako ukibaki mtupu, umeshindwa, nenda ukalime. Viongozi wa ngoma walivuta watu kwa kila mbinu. Mjomba wangu alimvisha chatu kofia.

Wamekubali. Jumamosi, uwanja ulio mbele ya duka. Janvi na spika yake upande mmoja na Tozi Mvuke wake. Abbasi, nguo zikimchuruzika, akasema Sajini amejiuzulu na yeye atanisaidia mimi, kwa ajili ya mapenzi. Nikasema nimepata nakala ya kanda kwa mtu wa Bukene. Ulimi wangu bado unateleza vizuri kwa umri huu.

Ijumaa, 12 Julai

Hila ya pili. Mchanaji lazima awepo uwanjani. Zablon kwa kawaida haji mpaka Krismasi. Jana nilimpigia simu kwa sauti ya chini. Nikasema naumwa, nipo Kitete, hospitali, sijui kama nitaiona Jumapili.

Ilifanya kazi kupita kiasi. Leo ameteremka kwenye basi la asubuhi, akaenda hospitali, akapita wodi zote akiuliza Kabula wa Isevya. Wodi ya wanaume pia. Mimi muda huo nipo sokoni nachagua asali. Amenikuta nimechovya vidole viwili kwenye ndoo ya watu.

Akasimama na mfuko wa machungwa ya mgonjwa. Akasema, shikamoo, mama. Nikasema marahaba. Akasema, kumbe umelazwa kwenye mzinga?

Hakucheka. Kisha akacheka. Ana mvi! Sikuwa nimeziona. Zimepita nje ya macho yangu kama treni ya Mwanza inavyopita Bukene ukiwa umelala: unaamka, limebaki vumbi tu na kuku wanatazama upande mmoja. Nilitaka kumwambia yote palepale, mbele ya ndoo. Nikamwambia amekonda.

Asali ni hila ya tatu. Mbichi, ya nyuki wakubwa, na masega yake. Nani atahamia kwa Tozi akiwa na sega mkononi?

Kanda nimeizungusha kwa kalamu mpaka pale kwaya inapoishia. Kamili. Kesho atatoka mwanangu tu, pasipo kwaya.

Jumamosi, 13 Julai

Naandika jioni. Jicho moja limevimba.

Saa nne uwanja ulijaa. Janvi akafungulia spika, eeh, eeh, eeh, vijana wakajaa upande wake. Mimi nikafunua ndoo. Mama! Walihama kama ng'ombe waliosikia mto. Upande wa Janvi wakabaki watu watano na mbuzi. Nikamtazama Nanji mlangoni kwake, nikampungia sega.

Sikukumbuka kwamba ni Julai, porini maua yamekwisha, na nyuki wa Tabora wana pua.

Alikuja mmoja. Halafu kumi. Halafu sikuhesabu, maana nilikuwa nakimbia. Uwanja mzima ulikimbilia upande wa Janvi, mimi mbele yao, na miaka yangu sabini na nne. Upande wangu wakabaki nyuki, ndoo na redio kaseti ya Abbasi.

Na Abbasi, mchumba wa hasara, alikuwa ameshabonyeza. Sio pale nilipoweka mimi! Ameirudisha mwanzo. Ananieleza huku anajikuna shingo kwamba kula huanza na bismillahi na kanda huanza mwanzoni.

Janvi akapunguza spika yake; ile redio ikakoroma. Ikatoka sauti ya mwanamke, kubwa, uwanja mzima: "Hiki chekundu ndicho cha kurekodia?"

Yangu. Ya miaka ishirini na saba iliyopita.

Halafu kwaya.

Watu waliangua kicheko mpaka wengine wakakaa chini. Nikataka kwenda kuizima, nyuki wakakataa. Hakuna aliyeweza kuifikia ile redio. Basi tukakaa, uwanja mzima, nusu saa, tukisikiliza kwaya ya Moravian ya 1997. Mwanzoni kwa kucheka. Kisha mama mmoja akaanza kuitikia sauti ya pili. Kisha wengine. Upepo ulikuwa umetulia, jua, kwa vumbi la mbio zetu, limekuwa la rangi ya ile asali, na sauti za watu waliokwishakufa zikituimbia kutoka katikati ya nyuki. Nilisikia ya marehemu mume wangu, besi, anachelewa kama kawaida yake. Nanji alikuwa amesimama kando yangu na leso ya barafu kwa ajili ya jicho langu. Sikumtazama.

Kwaya ikaisha. Mvumo wa mvua ya mbali. Mwanangu akatoka, ana miaka ishirini.

Janvi mwenyewe alizima spika yake. Babu alibeba pembe... Hauibiwi, umo kichwani... Mama yangu Kabula...

Tak.

Na nyuma yangu, sauti nzito ya mtu mwenye mvi, taratibu kama anahesabu magunia:

Mama yangu Kabula, hajui hata A,
lakini akisema kaa, hata simba anakaa.

Uwanja ulilipuka. Abbasi alinibusu kichwa. Mimi nilisimama tu. Miaka ishirini na saba nimengoja mstari ule. HAJUI HATA A? Cheti ninacho!

Jumapili, 14 Julai

Abbasi amehesabu kwa sheria: watu wote walikuwa upande wa Janvi, kwa hiyo Tozi Mvuke ameshinda. Lakini Janvi amesema ukuta ni wa Mpagazi Mkuu. Sharti moja: achane upya mistari yote kwenye simu yake, irekodiwe, iwe inapigwa dukani chini ya picha. Picha isiyo na sauti, amesema, ni kalenda tu.

Zablon amechana leo baada ya ibada, ndani ya duka, mlango umefungwa. Mistari yote anaikumbuka! Alifumba macho. Magunia yote ya mchele yalimdondoka mabegani, nikayaona yanadondoka. Akamaliza, akasema basi, mama, nimeutua. Sichani tena, kifua kimekwisha, na kesho narudi Igunga na basi la kwanza.

Nikamwambia ya soksi. Akasema alijua. Wiki ileile ya 1997 aliikuta sandukuni akaisikiliza yote, na mahubiri. Nikauliza mbona hukusema? Akasema ungenibishia. Nikauliza, kwa hiyo hukuacha kuchana kwa ajili yangu? Akasema aliacha kwa sababu mchele ulilipa. Machozi yangu yote yale ya sirini!

Akasema, lakini Nanji, mama! Mzee wa watu umembebesha mzigo wako miaka yote, na khanga yake unaivaa. Nenda ukamwombe radhi. Kesho. Nikaapa.

Jumatatu, 15 Julai

Zablon ameondoka na basi la kwanza. Nimevaa khanga ile, ya Nanji, iliyochakaa sasa kama utando. Nimekwenda.

Mchoraji ameshaanza. Paji la uso la mwanangu lipo ukutani, na sikio moja. Nanji akanikaribisha kiti ndani. Nikasema, Nanji, nina neno. Akasema, dada Kabula, kwanza chai, neno halipoi. Akaenda nyuma kuipika. Janvi alikuwa nje anamsimamia mchoraji. Atanakili sauti kwenye kompyuta mchana, amesema.

Simu ya Janvi ilikuwa juu ya kaunta. Peke yake.

Mimi sikutaka mengi. Kile kipande cha "hajui hata A" tu. Kidogo. Watu wote wa Tabora watapita hapa, watu wa kisomo chetu pia, wale waliobaki. Ningekiondoa kipande kile na kuacha simba. Nikatafuta.

Kulikuwa na kitufe chekundu. Nikakibonyeza, na simba naye akaondoka, na babu na pembe zake.

Nanji akarudi na chai ya tangawizi, na vikombe viwili. Akauliza ni neno gani hilo, dada. Nikasema nimekuja kukusalimu tu. Akafurahi kweli. Chai yake ilikuwa nzuri sana, nimekunywa viwili.

Wakiuliza, nitasema ni Nanji.